Pikapu ya Kubeba Nyumba Yangu

Jumatatu, 15 Septemba

Trela limefika! Futi arobaini. Choo ndani, jiko, kitanda cha watu wawili. Binti yangu Shelby na mumewe wamejenga, hawalihitaji tena, wamenipa bure. Nimeshukuru mpaka mkwe kaona haya. Loretta mke wangu angekuwa hai angelia. Miaka kumi na minne mimi na yeye tulilala kwenye kibanda cha magurudumu, miguu inagonga sinki.

Sasa shida. Halvorson kapiga simu. Ndiye msimamizi wangu kule Dakota Kaskazini, kwenye mavuno ya viazi sukari, vile vya kiwanda cha sukari. Nafasi yangu ipo, ila nifike Ijumaa tarehe 26, na nyumba yangu ya kulala. Nisipofika anampa mwingine. Yaani nibaki hapa Oklahoma baridi nzima, mimi na picha ya marehemu ukutani. Siwezi. Mwaka jana, nilipougua nikakosa mavuno, nusura nianze kuongea na jokofu.

Pikapu ninayo. Ndogo lakini ina moyo. Tangazo la TV lilisema inavuta ratili elfu kumi na moja. Trela lina elfu kumi na kidogo. Hesabu imekwisha.

Wendell jirani kasikia. Yeye ana ile kubwa ya dizeli, tairi nne nyuma, anaipangusa kila asubuhi kama mtoto. Kacheka mpaka kakaa kwenye nyasi. Mshenzi.

Jumanne, 16 Septemba

Arlene wa nyumba ya tatu kaja kuangalia. Kaendesha malori miaka thelathini na moja. Kastaafu, mdomo bado. Kasema trela hili halifungwi mkiani. Shingo yake inapanda ndani ya bodi na kukaa mgongoni mwa gari. "We Doyle, hulivuti tu hilo. Unalibeba!"

Kafungua mlango wangu. Kumbe kuna kibandiko kwenye fremu. Gari yangu inabeba ratili elfu moja na mia nne, basi. Shingo ya trela peke yake inazidi elfu mbili. Nikamwambia miaka tisa nafungua mlango huo, sijaona haja ya kuusoma.

Usiku mzima wazo. Mizigo yote nitaiweka nyuma ya trela. Nyuma ikilemea, mbele itainuka. Ajabu wenye malori hawajaligundua.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimepakia nyuma friza, mapipa mawili ya maji, cherehani ya Loretta na matofali ya akiba. Kiti cha chuma cha kushika shingo nimekifunga mwenyewe kwenye bodi. Kikakaa sawa, karibu sawa.

Nikaenda mzani wa ghala la ngano. Lyle mwenye mzani kanipimia bure, Mungu ambariki. Shingo imekuwa nyepesi! Nikampigia Wendell simu pale pale nimtambie. Hakupokea. Wivu.

Kurudi, maili moja hivi, mkia ukaanza kucheza. Kushoto. Kulia. Kushoto zaidi. Nikakanyaga breki, tukaingia shamba la mtama la watu. Mwenye shamba, kijana mpole, katuvuta na trekta. Hakudai chochote. Kaniuliza tu kama nina familia. Nikasema ndiyo. Kasema basi niifikirie.

Nikatoa matofali, nikamwaga maji, nikaenda polepole hadi nyumbani. Kukata kona ya geti, kishindo! Bodi yangu fupi, haiachi nafasi trela likipinda, sikujua ni kosa. Pua ya trela imeingia dirisha la nyuma la pikapu. Vioo hadi kwenye kofia. Arlene kasema alitaka kunionya kuhusu kona tangu asubuhi, ila nilikuwa napiga honi.

Sijaumia hata kidole. Asante Mungu.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimeenda mjini kwa wauza magari, Arlene kanisindikiza. Nimeipenda moja. Dizeli, nyekundu, viti vya ngozi vinavyopuliza upepo makalioni. Muuzaji anaitwa Brantley, viatu vinang'aa. Kasema, "Mzee wangu, hii inavuta mahakama na hakimu ndani." Nilishashika kalamu.

Arlene kafungua mlango. Kasoma. Kafunga. Kasema gari ni kubwa lakini inabeba elfu moja na mia tisa tu. Injini nzito, paa la kioo, viti vya upepo, vyote vimekula uzito wangu. Brantley kasema watu wengi hawaangalii hapo. Arlene kamjibu, "Ndiyo maana unavaa viatu hivyo, mwanangu."

Kanitoa nje kwa mkono. Njiani nilimnunia. Akaninunulia pai ya nazi. Nikaacha kununa.

Siku sita zimebaki. Pikapu zenye tairi nne nyuma hapa mjini hakuna hata moja ya bei yangu.

Jumanne, 23 Septemba

Asubuhi Wendell yuko mlangoni na ufunguo. Nikajua kaja kunitania. Kasema macho yake yameanza kufifia, daktari kamkataza safari ndefu. Trela lake alishauza kimyakimya mwezi wa sita. Anataka gari ndogo ya kwendea kliniki. Tubadilishane.

Nikamuuliza mtego uko wapi. Kasema, "Hamna mtego, punguani wewe. Mama yangu alipokuwa anakufa, nani alikuja kumwogesha kila siku? Mke wako. Unadhani nimesahau?"

Sikujua. Loretta alikuwa anasema anaenda kucheza karata.

Nikamwambia dirisha langu la nyuma halipo. Kasema ameliona, mtaa mzima umeliona. Nikataka kumkumbatia, kasema nikimgusa anaghairi. Tumesaini ofisi ya kaunti. Vumbi lilikuwa jingi mle ndani, macho yote manne yanatoka maji.

Arlene kasoma mlango. Elfu tano na kitu. Kafanya ishara ya msalaba.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimefika! Siku mbili barabarani, bila mkia kucheza, kona zote nimezikata kama Arlene alivyonifundisha kwenye uwanja wa kanisa. Halvorson kanishika mkono, kanipa nafasi namba saba ya kuegesha nyumba, umeme na maji vipo. Nimetandika kitanda, nimelala upande wangu, upande wake nimeuacha. Naanza kazi Jumatano.

Nimewapigia wote simu kushukuru. Shelby kalia. Wendell kakata.

Jirani wa hapa, Duane, anauza mashua ya kuvulia samaki, futi ishirini, iko juu ya trela lake lenyewe. Nimezunguka nyuma ya nyumba yangu nikapima. Pana nafasi safi kabisa ya kuchomelea ndoano. Pikapu mbele, nyumba katikati, mashua mkiani! Duane kauliza kama nimewahi kurudisha nyuma vitu vitatu. Nimemwambia mimi naenda mbele tu. Kesho analeta mashine ya kuchomelea.