Nyani, Adamu na Karatasi ya Pande Mbili

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimekwenda kwa wakwe watarajiwa, nimepiga pasi hadi soksi. Njiani mchumba alinionya. Baba yake anafundisha biolojia sekondari, mama yake anafundisha watoto kanisani, na mezani kwao hakuna mlo unaoisha bila kubishana mtu alianzaje. Miaka thelathini sasa. Akaniomba niseme tu ninachoamini. Mawazo ya kitoto. Mimi natafuta mke, sitafuti ukweli.

Mama alipokwenda jikoni nikamnong'oneza Baba kwamba mageuzi ni sayansi safi. Baba alipokwenda kunawa nikamnong'oneza Mama kwamba mwenye akili timamu hawezi kukubali babu yake alikuwa nyani. Wote wawili wameniongezea nyama. Kazi nyepesi kabisa.

Jumanne, 4 Juni
Balaa. Jumamosi kuna mdahalo ukumbi wa shule: mageuzi au uumbaji? Baba kanipigia simu dukani, kasema kaniandikisha upande wa mageuzi. Nikasema ni heshima kubwa. Robo saa baadaye kapiga Mama. Kaniandikisha upande wa uumbaji. Nikasema ni heshima kubwa. Mama akaongeza kwamba baada ya mdahalo watanipa jibu kuhusu binti yao.

Bosi, ambaye sikio lake liko zaidi kwenye simu za wenzake kuliko kwenye mashine zake za kutoa nakala, kacheka mpaka kakaa chini.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepata dawa! Upande wa mageuzi unaanza saa nane mchana, na saa hiyo Mama yuko mazoezi ya kwaya. Upande wa uumbaji ni saa tisa, na saa hiyo Baba atakuwa maabara akiwaonyesha wageni fuvu lake la plastiki. Kila mmoja atasikia nusu anayoitaka. Nimejitazama kwenye kioo cha chooni na nimejipa pongezi.

Hotuba zote mbili tayari, ukurasa mmoja mmoja. Bosi analia kila siku kuhusu karatasi, kwa hiyo nimechapa zote kwenye karatasi moja, mbele na nyuma.

Jumamosi, 8 Juni
Mpiga kinanda ana mafua, mazoezi ya kwaya yakaahirishwa. Mama alikuwa mstari wa mbele ubavuni kwa Baba, wanagawana pipi! Nikataka kutoka kwa mlango wa nyuma. Mwenyekiti akaniita.

Nikazamisha macho kwenye karatasi nisimwone mtu. Nikasoma vizuri, nasema kweli. Mifupa, mamilioni ya miaka, mkia uliopotea. Ukurasa ukaisha. Sasa mtu aliyekaa miaka sita kwenye mashine ya nakala, ukurasa ukiisha mkono unageuza wenyewe. Nikageuza. Nikaendelea kwa sauti ileile kwamba hayo yote ni uzushi, na Mungu alimfinyanga mtu kwa udongo siku ya sita.

Nilishtuka nilipofika kwenye ubavu wa Adamu, maana ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi. Mwenyekiti akauliza niko upande gani. Nikasema wowote wenye nafasi. Mchumba akajifunika uso kwa mkoba.

Jumapili, 9 Juni
Nimeitwa nyumbani kwao. Nimekalishwa kwenye kigoda. Baba akasema kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini yeye na mke wake wamekubaliana jambo moja: mimi ni mwongo. Mama akasema hasa.

Nikatafuta ujanja kichwani, hamna kitu. Mchumba alikuwa anatazama sakafu. Nikaona nimempoteza, na iliniuma kuliko nilivyotarajia. Baba akauliza mimi mwenyewe, bila karatasi, naamini mtu alitoka wapi. Nikasema sijui.

Baba akacheka, akasema kila mwanasayansi huanzia hapo. Mama akasema kila anayesali huanzia hapo vilevile. Wakaanza kubishana ni nani huanzia hapo kwanza. Kumbe Baba huimba besi kwenye kwaya ya Mama, na fuvu la plastiki hufutwa vumbi na Mama kila Jumamosi! Katikati ya ubishi wakakumbuka kuniambia wamekubali. Mchumba alinishika mkono mbele yao. Nilikaribia kulia.

Jumanne, 11 Juni
Nimekaa nikauchambua ushindi wangu. Siri yote ni neno moja. Sijui! Nimehangaika na hotuba mbili za nini?

Asubuhi Bosi kauliza nani kajaza mashine wino usio wake. Nikainamisha kichwa, nikasema sijui. Kaenda zake. Linafanya kazi hata kwa mabosi.

Mchana kaja mchumba. Akafunga mlango wa duka, akaniuliza bila mzaha kama nampenda yeye, au nilitaka tu kuwashinda wazazi wake. Nikavuta pumzi kama Jumapili, nikalegeza mabega, nikamtazama machoni na kumjibu kwa unyenyekevu wote: sijui.

Ameondoka bila kuaga, machozi yanamlengalenga. Naona neno limemwingia sana. Kesho nitakwenda kwao nikamwambie tena, mbele ya wazazi.