Bibi Harusi Aliyekataa Kurudi Kwao

Mwanamke aliingia uani amekumbatia boksi la keki, na kabla hajalitua chini Kinanda alikuwa ameshampima. Viatu vya mtu anayeshinda amesimama, unga kwenye nywele, macho yameganda kwenye kigari chekundu cha pembeni. Huyu hakuja kuuliza bei, alikuja kupenda. Dalali wa magari akishaona hivyo, kazi imekwisha.

Waliompa jina hilo la Kinanda walisema ukimgusa tu anatoa sauti tamu.

"Dada yangu, umetua penyewe," alisema. "Ni la familia?"

"Watoto watatu, na keki. Nazipeleka kwa wateja kwa pikipiki, zinafika zimebomoka."

"Basi tazama hapa." Alifungua mlango wa nyuma, ule mpana, ukapanda juu taratibu na kusimama wenyewe. "Keki zako zitalala humu usingizi."

"Nione na injini."

Kinanda aliweka kiganja juu ya boneti, kwa upole wa daktari. "Dada, gari zuri halifunguliwi boneti. Linafunguliwa mlango, unaingia, unaondoka. Injini nzima, naapa."

Na hapo, ajabu ya maajabu, alikuwa anasema kweli. Injini ilikuwa nzima kabisa. Ugonjwa ulikuwa kwenye tangi la mafuta, ambamo Kinanda kwa mkono wake alitumbukiza kitambaa kidogo. Gari likitembea, kitambaa kinavutwa hadi mdomo wa bomba, linazima. Likipumzika, kitambaa kinaachia, linawaka. Mafundi wanakuna vichwa, mnunuzi anachoka, mwisho anamrudia Kinanda karibu alie. Naye, kwa kuwa ana moyo, hulinunua tena. "Kwa bei ya chuma chakavu," husema. "Kwa huruma tu." Kisha huliosha na kulitafutia mwingine. Kwa siri aliliita Bibi Harusi, maana ameliozesha mara nyingi, kila ndoa ikavunjika, na mahari hayakurudishwa hata siku moja.

"Tuelewane," alisema akipokea fedha za Mama Keki, kama alivyokwisha kumwita moyoni. "Umelinunua kama lilivyo. Likishatoka hapa ni lako. Ukitaka lipake rangi, ukitaka fugia kuku."

"Nimeelewa, kaka."

Kwa kuwa alikuwa na hakika ya kulipata tena, Kinanda alifanya jambo ambalo hata matapeli huonyana wasilifanye: alichukua arbuni ya gari ambalo ameshaliuza. Mtoa arbuni alikuwa muuza nyama wa kona, mtu mpana ambaye akiongea nawe haweki kisu chini. Mtu wa namna hiyo hauziwi gari lenye kitambaa. Kinanda alikusudia kukitoa, auze kwa haki mara moja katika maisha yake, na wazo hilo lilimfanya ajione mtu mwema. Arbuni aliigeuza suti.

Siku zikapita. Simu ya kilio haikuja. Akaamua kupiga yeye.

"Gari vipi, dada?"

"Nashukuru sana, kaka. Limenifaa kuliko nilivyotegemea."

"Halizimi?"

"Lilizima siku ile ile. Mungu akubariki."

Simu iliyofuata ilikuwa ya muuza nyama. "Jumamosi nalifuata gari langu," alisema, na nyuma ya sauti yake kisu kilikuwa kinagonga mfupa.

Jumamosi asubuhi Kinanda alilitafuta Bibi Harusi, akalikuta nje ya lango la kliniki. Mlango wa nyuma uko juu, umekuwa paa. Chini yake keki zimepangwa, birika linatoa moshi, na foleni ya wagonjwa na wasindikizaji wao imezunguka ukuta. Mama Keki alikuwa anarudisha chenji. Askari wawili wa manispaa walikuwa pembeni wanatafuna.

"Hapa si hawaruhusu biashara?" Kinanda alinong'ona.

"Kwani mimi nimefungua biashara? Mimi nimeharibikiwa na gari. Liliniishia hapa hapa, na keki za watu zimo ndani. Wakaja hawa, ondoa gari. Nikawaambia halitembei, sukumeni. Kwa jua lile? Wakaomba chai."

Kinanda alikohoa. "Pole, dada. Mimi nitalinunua tena. Kwa bei ya chuma chakavu, kwa huruma tu."

Foleni nzima ilicheka, na askari mmoja akapaliwa.

"Kaka, ada ya watoto inatoka humu," alisema Mama Keki. "Huruma yako haifiki shuleni."

Kinanda alitaja bei aliyomuuzia. Hapana. Akaongeza. Hapana. Simu ikatetemeka mfukoni, ujumbe wa muuza nyama: "Nimeshatoka dukani. Nimeambiwa gari liko kliniki." Akaongeza tena, akavua na saa akaiweka juu ya fedha.

"Haya," alisema Mama Keki. "Ila kama lilivyo."

"Kama lilivyo," Kinanda aliitikia upesi.

Mama Keki alishusha keki na birika, akafunga mlango wa nyuma, akamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili. "Hutaki kuangalia boneti?"

"Boneti ya nini? Hili nalijua kuliko ninavyomjua mama yangu."

Aliingia, akazungusha ufunguo. Gari halikukohoa hata kidogo. Akazungusha tena. Akashuka, akafungua boneti.

Ndani palikuwa pamefagiwa. Mahali pa injini palitandikwa gazeti, na juu yake mifuko ya unga na trei ya mayai.

"Samahani, mayai nimeyasahau," alisema Mama Keki, akapitisha mkono akayachukua.

"Injini iko wapi?"

"Nilimuuzia mwenye mashine ya kusaga, mtaa wa pili. Anaisifu kweli. Hukunidanganya, kaka, nzima kabisa. Huu unga imeusaga yenyewe."

Kinanda alikaa kwenye bampa na suti yake mpya. Fedha zilimuuma, lakini kilichouma zaidi ni ile siku moja aliyosema kweli. Alipoinua macho, ng'ambo ya barabara muuza nyama alikuwa anasubiri magari yapite, aproni kiunoni, kisu mkononi.

Mama Keki alimwona yule, akamwona na huyu. Akatikisa kichwa.

"Pole, kaka. Mimi nitalinunua tena," alisema. "Kwa bei ya chuma chakavu. Kwa huruma tu."

Muuza nyama alishuka barabarani. Kinanda alinyoosha mkono na kuuliza kama huruma hiyo inalipwa sasa hivi.