Bioanuwai Uani kwa Verna

Jumatano, 17 Septemba 1986
Leo kiwandani tumechapa mabango ya mkutano wa wanasayansi hapa Washington. Neno kubwa juu: BIOANUWAI. Halimo hata kwenye kamusi. Jipya kabisa, halina mwenyewe! Jioni nimemwambia jirani yangu Verna, mjane mwenye macho ya kucheka, kwamba nimelibuni mimi. Akauliza maana yake. Nikasema atajionea.

Alhamisi, 18 Septemba
Bio ni uhai, Kigiriki. Hilo najua. Nusu ile nyingine bila shaka ni usafi. Verna yuko Baltimore kwa dada yake, na ua wake una magugu mpaka kiunoni. Nimewasha mashine ya kukatia nyasi. Kwa muda wa saa mbili tu, ua umekuwa zulia! Nyasi aina moja. Nimejipenda.

Jumamosi, 20 Septemba
Verna karudi. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Amekaa kwenye ngazi akalia. Kumbe magugu yale ni chakula cha viwavi. Mumewe Ray aliyapanda akiwa mgonjwa, ili Verna asikose vipepeo.
Ardhi ipasuke inimeze.

Jumatatu, 22 Septemba
Mama mmoja mtafiti wa mende amefuata bango la ziada. Nimemuuliza maana ya neno lile. Ni wingi wa aina za viumbe, akasema, na jinsi wanavyotegemeana. Zamani walisema “anuwai ya kibiolojia”. Kwenye maandalizi ya mkutano mtu akaona ni refu mno, akalifupisha.
Kwa hiyo lina mwenyewe. Na mimi nimefyeka aina thelathini nikabakiza moja!
Baada ya kazi nimetambaa kando ya reli mpaka magoti yakachubuka. Nimepata viwavi saba, na magugu yao na udongo wake. Nimempelekea Verna kwenye ndoo, nikakiri yote.
“Nilijua neno si lako,” akasema. “Delbert, wewe paka wako unamwita Paka!”
Lakini ndoo kaipokea.

Jumamosi, 4 Oktoba
Kipepeo wa kwanza katoka, mabawa yamekunjamana kama shati langu. Verna amenishika mkono, hakuuachia mpaka kipepeo alipopaa. Akasema Ray angenipenda, ila angeificha ile mashine.
Kisha akasema sasa ua unakosa nyuki tu.
Nimemwambia nimefuga nyuki miaka kumi. Mzinga unafika Jumanne. Sijui nyuki wanalishwa nini. Nafikiri mkate.