Kamati ya Faida na Hasara za Trela la Gereji

Chama cha Wenye Nyumba wa mtaa wa Palo Dorado, Arizona, kilitangaza kwa furaha kubwa, katika Waraka wake Namba 17, kwamba kimeunda Kamati ya Kutathmini Faida na Hasara za Kumiliki Trela la Gereji. Kamati ingefanya kazi kwa uwazi na bila kuegemea upande wowote. Hasara zingesikilizwa kwa saa tatu, faida kwa dakika tano. Ili kuokoa muda wa wanakamati, maazimio yao yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa bwawa la kuogelea wiki moja kabla hawajakutana.

Mwandishi wa waraka huo, na wa nyaraka zote kumi na sita zilizoutangulia, alikuwa mwenyekiti, Garland Poteet. Alikuwa mcha Mungu na mpenda utaratibu. Ni yeye aliyeupatia mtaa rangi mbili halali za changarawe za uani, na kila asubuhi alimshukuru Mungu kwa zote mbili.

Lakini nyumba tatu kutoka kwake kulikuwa na trela.

Lilikuwa mali ya Marlys Engquist, dereva mstaafu wa basi la shule, na mumewe Verlin. Lilikuwa na urefu wa futi thelathini na sita. Nusu ya mbele ni nyumba: jiko, choo, kitanda. Nusu ya nyuma ni gereji, na ukuta wake wa mwisho hushuka hadi chini ukawa mteremko wa kupandishia pikipiki. Watu huenda nalo jangwani, hutimua vumbi kwa pikipiki zao mchana kutwa, kisha huzirudisha ndani na kulala ubavuni mwazo.

Verlin alikuwa mtu wa pikipiki tangu ujana, mpaka kiharusi kilipomweka kwenye kiti cha magurudumu. Mteremko ule ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya pikipiki, lakini kiti kilipanda bila shida. Kila baada ya wiki mbili Marlys alimsukuma mumewe juu, akakifunga kiti kando ya pikipiki yake kuukuu, akawavuta wote wawili hadi kwenye vilima vya mchanga. Huko Verlin alikaa kivulini akiwasema vijana kwa jinsi wanavyokata kona. Hakuwa na raha nyingine. Uwanja wa karibu wa kuhifadhi matrela ulikuwa maili sitini, na foleni yake ilikuwa ya miaka miwili. Daktari hakuwa amemwahidi Verlin miaka miwili.

Kwa kanuni za mtaa, trela liliruhusiwa kusimama mbele ya nyumba saa arobaini na nane tu, kwa kupakia na kupakua. Marlys aliiheshimu kanuni hiyo kuliko mtu yeyote. Kila ilipofika saa ya arobaini na saba alilivuta trela hadi kituo cha mafuta, akanywa kahawa, akarudi. Hesabu ikaanza upya. Garland alikaa nyuma ya pazia na saa mkononi, akaandika muda wa kutoka, muda wa kurudi, na mara mbili aina ya kahawa.

Angelivumilia jambo hilo kama angekuwa analala vizuri. Lakini mwezi Machi mkewe, Nadine, alimwambia achague kati ya kitanda na kukoroma, na kwa kuwa kukoroma hakukumsikiliza, Garland alihamia gereji. Aliweka kitanda cha kukunja ubavuni mwa kigari chake cha gofu, cha petroli, akaleta friji ndogo na feni. Mahali hapo alipaita ofisi ya nyuma. Majirani hawakujua.

Siku ya kikao ilipofika Garland alifungua kwa sala. Alimwomba Mungu awape wanakamati hekima, unyenyekevu, na kura za kutosha katika kipengele cha nne, cha kupiga marufuku trela. Kisha katibu, Odell Frisby, mtu ambaye maishani hajawahi kuruka mstari, akasoma hasara. Trela ni zito. Linakunywa mafuta. Linaficha mlima. Kulala chumba kimoja na chombo cha petroli ni kinyume cha afya, adabu na maisha ya kifamilia. Hasara hii ya mwisho Garland aliiandika mwenyewe, kwa uchungu wa mtu anayeijua.

Marlys alipopewa dakika zake tano alisema faida ni moja, akaigeuza ielekee mezani. Verlin akatazamana na wanakamati kutoka kwenye kiti chake.

"Dakika zilizobaki," Marlys akasema, "mwangalieni."

Walimwangalia. Mmoja alikohoa. Mwenyekiti akashukuru kwa mchango huo na kuagiza uandikwe chini ya mengineyo.

"Swali dogo, Bwana Mwenyekiti," Marlys akasema. "Nikiyang'oa magurudumu, bado ni trela?"

Garland alitabasamu. Alikuwa akiusubiri ujanja huo. Papo hapo akafuta kanuni zote za zamani za trela, ile ya saa arobaini na nane ikiwemo, akaamuru Odell aandike mpya isiyo na tundu la kupitia: trela la gereji ni chumba chochote, chenye magurudumu au kisicho nayo, chenye mlango mpana wa kuingizia chombo cha injini, na ambacho ndani yake chombo hicho na kitanda hukaa pamoja.

"Una hakika na hilo la 'kisicho nayo', mzee?" Verlin akauliza. Maneno yake yalitoka taratibu tangu augue, lakini yalifika.

"Nina hakika kuliko wewe."

"Basi sawa. Sikuelewi lakini nakuheshimu."

Chumba kitakachokutwa hivyo kiondolewe mtaani chote kizima ndani ya siku kumi na nne. Hakuna rufaa. Ukaguzi nyumba kwa nyumba, Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Kura zilikuwa tano kwa sifuri, aliyesinzia akihesabiwa kuwa ameafiki kwa moyo wote.

Jumatatu Odell alianzia kwa akina Engquist. Pikipiki kuukuu ilikuwa imehamia gereji ya nyumba, ambamo hakuna kitanda. Trela lilikuwa na kitanda, lakini halina chombo cha injini. Odell alilizunguka mara tatu na karatasi yake, akaandika kwamba mbele ya nyumba hii hakuna trela, akasogea mlangoni pa mwenyekiti.

Nadine alimfungulia akiwa na kikombe cha chai.

"Gereji? Karibu," akasema, na akabonyeza kitufe.

Mlango mpana ukapanda polepole. Kwanza vilionekana viatu vya kulalia, kisha kigari cha gofu, kisha kitanda, kisha mwenyekiti, nywele zimemsimama, akiwa na pajama yenye picha za bata. Odell akaanza kuandika.

"Odell, rafiki yangu. Hii ni ofisi."

"Ndiyo, Bwana Mwenyekiti. Ina kitanda."

"Imejengwa pamoja na nyumba."

"Ndiyo maana tuliandika chote kizima."

Garland akaomba rufaa. Odell akamsomea kifungu, pamoja na sahihi iliyokuwa chini yake. Basi Garland akaomba angalau kitanda kirudi ndani, ili gereji ikome kuwa trela.

"Kirudi tu," Nadine akasema. "Wewe baki."

Mtaani Palo Dorado palikuwa na kitanda kimoja tu cha akiba kisichovunja kanuni yoyote, na kilikuwa ndani ya trela la akina Engquist. Garland alikwenda kukiomba na mto kwapani. Verlin ndiye aliyefikiri, akiutazama mteremko.

"Karibu, mzee. Kwetu una saa arobaini na nane. Kwa kupakia na kupakua."

Ndiyo maana sasa, ikifika saa ya arobaini na saba, mwenyekiti huonekana akitembea na mto wake hadi kituo cha mafuta, akanywa kahawa, akarudi. Nyuma ya pazia kuna kiti cha magurudumu, na mtu mwenye saa mkononi, anayeandika kila kitu.