Maboksi ya Karamu

Bernado Nyamhanga hakuwa mwizi. Mtu yeyote mjini Musoma aliyethubutu kumwita hivyo alielezwa kwa upole kwamba mwizi huchukua vitu bila kumuaga mwenyewe. Bernado aliaga. Alishika mkono, akauliza hali ya watoto, akaomba mvua inyeshe, na ndipo akaondoka na kile kilichomleta. Mwaka ule wa themanini na nne mali yake yote ilikuwa Landrova kuukuu yenye tairi zilizoisha meno, pamoja na madebe matatu ya petroli aliyoyaficha chini ya kitanda. Petroli yenyewe ilikuwa haionekani mjini. Madebe yale yakiisha, alikuwa akisema, nitabaki mtembea kwa miguu mwenye ufunguo wa gari mfukoni. Ndiyo maana alilala juu yake na hakuyagusa kwa safari ya hivi hivi.

Asubuhi moja alikuwa kwenye mgahawa wa Tereza, anakunywa chai isiyo na sukari kama nchi nzima ilivyokuwa ikinywa, aliposikia sauti kutoka meza ya pili. Alikuwa Mseti, mlinzi wa stoo ya Klabu ya Huduma ya Mwisenge, mtu wa kutoka upande wa Tarime ambaye ulimi wake haukupatana kabisa na herufi l.

"Kazi yangu sasa imekuwa ngumu," Mseti alimwambia Tereza. "Maboksi arobaini, ya karamu tupu! Yametoka Uraya. Mimi nararaga juu yake, mchana nakaaga mrangoni. Mama Mwarimu hana gari ra kuyapereka Kisorya, basi yamekaa tu."

Bernado akaweka kikombe chini taratibu. Maboksi arobaini ya karamu! Katika mji ambao bibi harusi wa juzi alikuwa amewapa wageni uji, kulikuwa na stoo imejaa vitu vya karamu, na shida ya wenye stoo ilikuwa gari tu.

Tusimdharau Bernado. Alikuwa amekaa Mwanza miaka mitatu na Dar es Salaam miezi minne, na alijisifu kwamba Kiswahili chake kimenyooka. Alijua fika kwamba mtu kama Mseti akitaja karamu, huenda ni karamu na huenda ni kalamu. Kwa hiyo hakukurupuka. Alivaa shati la kaunda akaenda kuhakikisha kwa mtu ambaye hajawahi kukosea herufi tangu ukoloni, naye ni Mama Dorkas, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa klabu.

Klabu yenyewe ilikuwa ya watu wa kawaida: manesi wawili, fundi cherehani, walimu, karani wa posta. Kila Jumamosi walipaka chokaa zahanati, walichimba vyoo vya shule, walifyeka makaburi ambayo hayakuwa na wenyewe. Walifanya yote hayo bure, jambo ambalo Bernado alikuwa akiliona ni ugonjwa.

"Shikamoo, Mama Mwalimu."

"Marahaba, baba. Umepotea njia?"

"Hapana, Mama. Nimeguswa. Nimesikia kuna maboksi ya karamu yamekwama."

Mama Dorkas alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. "Karamu ipo, baba. Ni Kisorya, Jumamosi hii. Wenzetu kule wanayasubiri maboksi haya kwa hamu, maana bila haya hakuna karamu."

Karamu. Tena mara mbili, na r zote mbili zilikuwa safi. Moyo wa Bernado ulipiga teke.

"Na ndani yake, Mama, kama si siri?"

"Kitu kinachokosekana nchi nzima."

Mwaka ule jibu hilo halikupunguza chochote. Kulikosekana sukari, sabuni, mafuta, mchele, kanga na viberiti. Bernado akaomba aruhusiwe kuyaona. Aliinua boksi moja, akakuta ni zito kiasi. Alilitikisa karibu na sikio na ndani kukasikika kacha-kacha-kacha, mlio wa vitu vyembamba, vikavu, virefu. Akafumba macho. Tambi! Tambi za Ulaya, maboksi arobaini, na Idi ilikuwa wiki ijayo.

"Mama," alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa kweli, "mimi nina Landrova. Nina petroli. Niruhusu nijitolee."

Hapa lazima tuseme kidogo juu ya neno hili. Kujitolea ni neno zuri na linakunjika pande mbili. Mtu anajitolea, yaani anaitoa nafsi yake kwa ajili ya wengine. Na mtu anajitolea, yaani anatoa vitu stoo na kujipelekea mwenyewe. Klabu ilikuwa ya tafsiri ya kwanza, Bernado wa tafsiri ya pili, na sarufi iliwaruhusu wote.

Mama Dorkas alimpa fomu ya uanachama na kipande cha penseli. "Utavumilia, baba. Kalamu hatuna." Bernado akaandika jina, akaandika dereva, na mahali palipoulizwa sababu ya kujiunga akaandika kwa haraka neno moja. Mama Dorkas alilisoma, akainua nyusi kidogo, akaikunja fomu.

Siku ya pili Bernado aliomba lifti ya lori hadi Bunda kumwona Omari, mwenye duka la mkabala na soko. Omari alikuwa mtu mcha Mungu mwenye udhaifu mmoja tu, nao ni kununua kabla ya kuuliza.

"Tambi?" Omari alinong'ona. "Tambi za kweli?"

"Za Ulaya, Mzee Omari. Boksi arobaini. Jumamosi asubuhi napita nazo hapa."

"Zina mwenyewe?"

"Zilikuwaga naye."

Nyuma ya duka Omari alikuwa na tairi mbili mpya za Landrova, bado zimefungwa karatasi, kitu ambacho hata serikali ya mkoa ingekivulia kofia. Wakakubaliana tairi mbili kwa maboksi arobaini. Bernado alirudi Musoma anaona kama tayari anasikia lami ikinguruma chini ya meno mapya.

Jumamosi alfajiri wanaklabu walipakia maboksi wakiimba. Bernado alimimina debe la kwanza kwenye tangi mbele ya macho ya watu, wakampigia makofi. Kisha Mama Dorkas akamwambia Mseti apande. "Atakusindikiza, baba. Njiani watu si wazuri."

Hilo halikumtisha Bernado. Walipita Kiabakari, wakaingia Bunda saa tatu. Alimpa Mseti shilingi kadhaa akanywe chai, akimsisitiza asiharakishe, kisha yeye mwenyewe akarudisha gari kinyumenyume hadi mlango wa nyuma wa Omari.

Omari mwenyewe ndiye aliyekata kamba kwa kisu. Alifungua, akatazama. Alitoa kimoja, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa cha bluu, kina kifuniko, na ubavuni kimeandikwa kwa herufi za dhahabu: ZAWADI KWA WANAFUNZI WA MARA. HAIUZWI.

"Bernado. Hizi nikizichemsha, zinaiva baada ya muda gani?"

"Mzee Omari, jaribu boksi lingine."

Wakajaribu boksi lingine. Wakajaribu saba. Kalamu, kalamu, kalamu.

"Nimefunga," alisema Omari kwa utulivu wa kutisha, "sitaki kuharibu swaumu yangu. Njoo baada ya kufuturu, nikutukane vizuri."

Na tairi zikarudi zilikotoka. Bernado alikuwa anafikiri kuyatupa maboksi uani na kutoroka kurudi Musoma, wakati mgambo wawili walipokuja nyuma ya duka, Mseti akiwa katikati yao na barua mkononi.

"Huyu ndiye Ndugu Bernado?" aliuliza mgambo mkubwa. Bernado akajisogeza mbele ya maboksi yaliyofunguliwa. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamekamatwa nchi nzima kwa uhujumu uchumi, na yeye amesimama na mali iliyoandikwa HAIUZWI kwenye uchochoro wa mfanyabiashara.

"Ni yeye," alisema Mseti. "Amekuja kufunga kamba vizuri."

Mgambo akampa mkono. "Mama Dorkas ametuandikia, ndugu yangu. Anasema umetoa gari na petroli yako mwenyewe kupeleka kalamu kwa watoto. Nchi hii ingekuwa na watu kumi kama wewe! Barua tumeigonga muhuri. Ukirudi, utatuonyesha sahihi ya mwalimu mkuu wa Kisorya, ili tuandike jina lako ofisini."

Sasa msomaji ameona. Kutupa hawezi, kuuza hawezi, na kurudi bila sahihi hawezi. Bernado alilimimina debe la pili. Aliliangalia likiisha kama mtu anayemwangalia ndugu yake akipanda meli.

Barabara ya Kisorya ilikuwa vumbi na mashimo, na kwa kila shimo alilolipiga alitaja jina la mtakatifu. Walipoingia kwenye uwanja wa shule, darasa la saba zima lilikuwa limepangwa mstari tangu asubuhi. Mwalimu mkuu, Masatu, hakuanza na hotuba. Alimshika Bernado mkono akamwingiza darasani.

Kwenye madawati kulikuwa na vijiti vya mtama. Juu ya kila kijiti mtu alikuwa amefunga kwa uzi mrija wa wino uliobaki wa kalamu iliyokufa zamani. Vilikuwa vitano.

"Hawa ni sitini na wawili," alisema Masatu. "Wanaandika kwa zamu. Nampa mmoja dakika tano, namnyang'anya, nampa mwenzake. Na mtihani ni Septemba. Tulikuwaga tunajiuliza, siku ya mtihani nani ataandika, nani atasubiri?"

 Kalamu ziligawiwa, na maboksi yaliyobaki yakawekwa ofisini kwa ajili ya shule za jirani. Watoto hawakuandika kwenye daftari. Waliandika kwanza kwenye viganja vyao, kila mmoja jina lake, kisha wakaonyeshana. Binti mmoja aitwaye Benedikta aliandika viganja vyote viwili, na nafasi ilipomwishia akaendelea kwenye mkono hadi kiwikoni. Bernado aliona aibu. Halafu, na hili lilimkera zaidi, aliona raha.

Na karamu ilikuwepo. Wazazi walikuwa wamevua tangu jana: sato wa kuchoma, ugali wa muhogo, na sufuria ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, waliopikwa kwa nyanya. Hotuba zikatolewa, na kila kilichosemwa juu ya Bernado kilikuwa kweli, kwamba alitoa gari, kwamba alitoa petroli, kwamba hakuna aliyemlipa. Hakuwahi kusikia uwongo ukikosekana hivyo kwenye hotuba. Alikula sato watatu na kulala kwa mwalimu.

Kesho yake debe la tatu liliwarudisha. Bunda alionyesha sahihi, akapigiwa saluti. Karibu na Kiabakari Landrova ilikohoa mara mbili, ikasimama pembeni mwa barabara, ikakaa kimya. Bernado akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Ilikuwa imekwisha. Alikuwa sasa mtembea kwa miguu mwenye ufunguo.

"Usijali," alisema Mseti akijinyoosha kwenye kiti. "Lala kidogo. Lori la pamba litapita saa nane, litatuvuta."

Bernado akakaa vile vile. Kisha akainua kichwa polepole, akaanza kuhesabu kwa vidole. Usijali. Lala. Lori. La. Litapita. Litatuvuta.

"Mseti."

"Naam."

"Wewe unasemaga l?"

"Tangu mwaka wa sabini na mbili," alisema Mseti. "Mwalimu Dorkas alinifundisha kwenye darasa la watu wazima, akanichapa kidole hadi ikakaa. Mimi ni katibu msaidizi wa klabu. Ile r naitumiaga mgahawani tu, tena nikitumwa."

Bernado alikasirika kwa muda wa kama dakika moja na nusu. Halafu alianza kucheka, akacheka hadi akashuka garini akashike tumbo vizuri. Yeye, Bernado, aliyewauzia watu wa Mwanza tiketi za meli iliyokuwa gereji! Na hata hawakumdanganya.

Lori la pamba lilipita saa tisa. Mama Dorkas aliwapokea mlangoni mwa stoo, na Bernado hakusubiri shikamoo ijibiwe.

"Mama, uliniambia karamu."

"Hukula, baba?"

"Nilikula."

"Basi." Akatoa fomu ile ile, na juu yake akaweka kalamu ya bluu. "Maandishi ya penseli hufutika. Pitishia wino. Jumamosi ijayo tuna maboksi ya Butiama. Wazee wa kule wametoa madebe mawili ya petroli na wanamtaka dereva mwaminifu."

Madebe mawili! Uso wa Bernado ukang'aa kwa namna ambayo Mseti, aliyekuwa nyuma yake, aliijua vizuri, na Mama Dorkas pia.

"Mseti, utakwenda naye," alisema mwalimu.

Bernado akaguna, akainama juu ya meza. Alipitishia wino jina lake, akapitishia dereva, na kalamu ilipofika kwenye neno la mwisho, kidole cha Mama Dorkas kikatua juu ya karatasi. Bernado mwenye Kiswahili kilichonyooka, wa Mwanza miaka mitatu na Dar es Salaam miezi minne, alikuwa ameandika *najitorea*.

"Hapo, mwanangu," alisema mwalimu, "ni l."

Akamkabidhi kifutio. Bernado alifuta, akapuliza vumbi, na kwa wino wa bluu akaliandika upya, taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo.