Sosi ya Magoti

Jumapili, 8 Juni 2025. Ukungu hapa Gesima, matone machache.

Chupa ishirini za sosi ya pilipili ziko tayari! Nyanya, kitunguu saumu, siki, pilipili kali. Baba Duke ameonja, akatokwa na jasho, akaomba tena. Hata hivyo amenikumbusha masharti: jiko ni langu kwa wiki mbili tu. Biashara ikikataa, narudi kuchuma chai yake. Miaka tisa nimebeba kile kikapu. Sirudi! Nalala saa tatu.

Jumatano, 11 Juni. Baridi.

Nilipeleka sosi kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Kosa. Dada Persis, mkuu wa idara ya afya, alinusa kifuniko tu akaanza kukohoa. Akasema pilipili na siki ni adui wa tumbo la Msabato. Kisha, mbele ya wote: "Mama Duke, mbona una haraka ya kutuchoma, hata kiama hakijafika?" Wakacheka. Chupa walizitazama sana. Hakuna aliyenunua.

Ijumaa, 13 Juni. Jua, hatimaye.

Kilichokatazwa ni kula. Kupaka nani amekataza? Nimebandua lebo zote na kuandika upya: DAWA YA MAGOTI. YA KUPAKA TU. Dada Persis alifika mwenyewe kabla Sabato haijaingia. Alikuja akichechemea mguu wa kushoto, akaondoka akichechemea wa kulia. Chupa tatu! Maskini, kumbe anaumwa hivyo.

Jumatatu, 16 Juni. Mvua tangu alfajiri.

Zote zimeisha! Za Dada Persis hazikumaliza siku tatu; ana magoti makubwa. Jirani yangu Lorna alibisha saa ya chakula, tonge la ugali mkononi, akisema goti limemkamata ghafla. Nilimhudumia haraka. Baba Duke hajataja chai tangu jana.

Jumatano, 18 Juni. Mawingu.

Lalamiko la kwanza. Mzee Machogu anasema dawa inapasha goti joto, mbuya mono, nzuri kabisa! Ila kuku wake wanamfuata kila aendako wakimdonoa mbegu za nyanya miguuni. Mteja lazima asikilizwe. Nimepika chungu kipya: nimechuja mbegu, nikaongeza majani ya mkaratusi na kipande cha sabuni ili ishike ngozi. Rangi ile ile. Sikuwaambia wateja. Nataka washangae. Kufikia jana jioni... hapana, kufikia leo jioni, chupa kumi na tisa zimechukuliwa.

Sabato, 21 Juni. Jua kali.

Chakula cha pamoja baada ya ibada. Githeri ilikuwa haijafika nusu sahani Dada Persis alipotoka mbio, bila kuchechemea. Lorna akafuata. Foleni ya choo ikafika langoni. Mmoja alipiga chafya, likatoka povu. Wote walinikazia macho. Ni Mzee Machogu pekee aliyesimama kutoa ushuhuda: magoti yamepona, na kuku wamemwacha.

Jumatatu, 23 Juni. Mvua ya mawe.

Chupa kumi na nane zimerudishwa langoni, zimepangwa mstari, bila salamu. Baba Duke alicheka hadi akashika nguzo ya mlango. "Mama Duke, uliamini kweli watu wanapaka nyanya magotini? Walikuwa wanakula! Sasa watamlalamikia nani, na lebo inasema ya kupaka?" Kisha akaniletea kikapu.

Nimechuma kutwa, maji yakiingia shingoni. Lakini kichwa kilikuwa kinafanya kazi. Nimeona nilipokosea: lebo haikuwa kali ya kutosha. Dada Persis akipatikana na dawa ya magoti mezani, ataulizwa. Lakini chupa nyekundu kwenye rafu ya juu jikoni, yenye maandishi SUMU YA PANYA, USIGUSE, nani ataiulizia? Sosi tamu, bila sabuni. Nimeshachora panya wanane. Wa nane ametokea vizuri sana.

Nalala saa mbili u nusu.