Kiuno cha Taifa

Idara ya Viwango vya Vitu vya Kuchezea inayo furaha kuutangazia umma kwamba kiuno cha taifa kimepatikana. Ni sentimita thelathini na nne. Hakijadiliwi.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Katibu wa Kamati ya Kiuno. Lilibandikwa kwenye kila shule, kila zahanati, na kwenye mlango wa choo chetu cha ghorofa ya pili, ambao husomwa kuliko magazeti. Pembeni palichorwa mwanasesere aliyesimama wima, mkono mmoja kiunoni, na chini yake namba 34 kwa wino mwekundu. Watu wa mtaani, ambao hawana shukrani, walimwita Sindano.

Kabla yetu midoli ilishonwa ovyo. Mtu alichukua mabaki ya kitambaa, akashindilia pamba, akaishia pale pamba ilipoishia. Mmoja ana tumbo, mwingine ana makalio, wa tatu hana shingo kabisa. Nchi nzima watoto walikuwa wakilala wamekumbatia miili isiyo na kibali. Idara makini haiwezi kuliona jambo kama hilo ikaendelea kunywa chai, ingawa chai tuliendelea kunywa.

Tulianza kwa kutafuta Kielelezo, yaani mtu halisi wa kupimwa, ili kiwango kisitoke hewani. Kanuni zinataka vipimo vya taifa vitoke kwenye chanzo chenye mamlaka. Tulitazamana. Mwenye mamlaka mle ndani alikuwa mmoja tu, Mkurugenzi, mtu anayekalia kiti kisicho na mikono kwa sababu zinazoonekana. Alisimama, akafungua koti, akasema, "Nchi ikiniita, siwezi kujificha." Tukapiga makofi. Karani wa masijala akachukua tepu ya ofisi, akamzunguka kwa miguu, akasoma mia moja hamsini na nne.

Hapa sina budi kuieleza tepu ya ofisi. Miaka mingi iliyopita mtu alikata sentimita ishirini za mwanzo akafungia jalada. Tangu hapo inaanzia ishirini. Kuomba mpya haiwezekani mpaka urudishe ya zamani ikiwa kamili. Basi tuna utaratibu wetu: ukipima, unatoa ishirini. Mwajiriwa mpya hufundishwa hilo kabla hajaonyeshwa meza yake.

Karani akatoa ishirini, akaniletea. Nami kwa uangalifu nikatoa ishirini, nikapeleka kwa Mkuu wa Sehemu. Mkuu wa Sehemu akatoa ishirini. Naibu Mkurugenzi akatoa ishirini, akaandika pembeni "Nimehakiki". Mkurugenzi akatoa ishirini kwa kalamu yake mwenyewe, isije ikasemwa kwamba hajui utaratibu. Mpiga chapa, ambaye si mwajiriwa wetu ila ana shemeji yake masijala, naye akatoa. Karatasi iliyopita mikono sita haiulizwi maswali.

Kisha tukamwagiza fundi chuma atengeneze Pete ya Kiwango, kiuno cha taifa kikiwa kimegawanywa kwa tano ili kimfae mdoli. Mdoli anaingizwa kwa miguu. Akipita mpaka makwapani, amefaulu. Akikwama, anataifishwa na kuwekwa stoo.

Wa kwanza kukwama alitoka nyumbani kwangu.

Mke wangu ni fundi cherehani. Alimshonea binti yetu mdoli kwa vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja: tumbo la kitambaa cha pazia, mikono ya sare ya shule, na vifungo viwili visivyofanana vikawa macho. Aliitwa Mama Tumbo. Binti yetu ana miaka saba. Amerithi jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo mimi namwita mama, na nyumba nzima inamwita Bibi. Bibi alikuwa hali bila Mama Tumbo. Kijiko kimoja cha mdoli, kimoja chake, na vyote viwili viliishia kwenye mdomo mmoja.

Nilimchukua Mama Tumbo mwenyewe, mbele ya mtoto, nikampa stakabadhi yenye mhuri. Uadilifu huanzia nyumbani. Badala yake nikamletea Sindano wa kwanza kabisa kutoka kiwandani, namba 0001.

"Huyu anakula nini?" Bibi aliuliza.

"Huyu hali, mama. Huyu ni wa kiwango."

Nakumbuka nilijivunia jibu hilo.

Wiki ya kwanza Bibi alibakiza uji nusu kikombe. Wiki ya pili aliubakiza wote. Wiki ya tatu alikuwa akiyahesabu maharage, saba, akayapanga ukingoni mwa sahani, akala moja moja na kusema ameshiba. Mama yake alibembeleza, akatishia, akabembeleza tena. Mimi nilifanya kazi yangu, niliandika dokezo: "Utafiti wa awali katika kaya moja unaonyesha kuwa mtoto anayemiliki mwanasesere wa kiwango hutosheka na maharage saba, bila mchuzi." Mkurugenzi alilisoma huku akila paja la kuku, akalipigia mstari, na siku mbili baadaye lilikuwa Kanuni ya Tisa, Mlo wa Kiwango. Mimi nikazawadiwa kiti cha ofisi chenye magurudumu.

Kisha ikaja barua ya mwalimu. Bibi ameanguka mstarini asubuhi. Si yeye peke yake, ni watoto wanne wa darasa moja, wote wa kike. Niliipeleka barua kikaoni kama inavyotakiwa. Naibu Mkurugenzi akapendekeza neno "kuanguka" libadilishwe liwe "kuketi ghafla". Likapitishwa bila kupingwa. Nililiandika kwenye kumbukumbu.

Jioni ile nilimkuta Bibi mbele ya kioo cha kabati, amepandisha gauni, amejizungushia tepu ya ofisi. Nilikuwa nimekwenda nayo nyumbani kwa kazi za ziada.

"Sabini na moja," alisema. "Baba, bado thelathini na saba."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na nguo ya mteja mkononi. "Hebu lete hiyo," akasema. Akaitazama tepu kwenye ncha kama anavyomtazama mteja anayeapa kwamba hajanenepa. "Mwanzo wake uko wapi?"

"Inaanzia ishirini," nikasema. "Unatoa ishirini. Ni utaratibu."

"Mtoto aliambiwa huo utaratibu?"

"Ni wa ndani."

Akavua tepu yake mwenyewe shingoni, akampima. Hamsini na moja. "Nilipompima sare alikuwa hamsini na sita," akasema polepole. Akamshusha mtoto gauni, akamketisha kitandani. Kisha akanigeukia, na akiniita kwa cheo najua nimekwisha. "Bwana Katibu, nakuuliza kama fundi. Hiyo thelathini na nne mlimpima nani?"

"Mkurugenzi."

"Yule niliyemshonea suruali ikala kitambaa cha watu wawili?"

"Tepu ilisoma mia na hamsini na nne."

"Na ishirini alitoa nani?"

Nilianza kuhesabu kwa vidole. Mkono mmoja ukaisha, nikahamia kidole cha kwanza cha wa pili. Niliona aibu, na kupita aibu niliogopa. Mashavu ya mwanangu yalikuwa yamebonyea. Tulikuwa tumemnyima mtoto chakula kwa sababu ya kamba ya jalada. Nilitafuta neno la maana la kumwambia mke wangu, nikasema, "Nitaandaa dokezo."

"Usiandae kitu. Niletee hizo kanuni zenu nizisome mwenyewe."

Kila mwezi Idara hufanya Siku ya Wadau, ambapo wananchi huja kutoa maoni. Kwa kawaida huja mstaafu mmoja, kwa ajili ya chai. Mwezi ule, pamoja naye, alikuja mke wangu, tepu shingoni, amemshika Bibi mkono. Mkurugenzi alikuwa kwenye meza kuu na sahani yake ya saa nne mbele yake, wali umejaa, kuku juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu, jisikie huru."

"Mimi ni fundi cherehani. Nimezisoma kanuni zenu zote, nina swali dogo la kifundi. Kiwango na Kielelezo vikitofautiana, kipi kinafuatwa?"

Mkurugenzi alifurahi. Hakuna mdau aliyewahi kuzisoma. Hata sisi tulizisoma kwa zamu. "Kiwango," akasema. "Kiwango hakikosei, mama. Kimepita mikono sita."

"Na Kielelezo?"

"Kinarekebishwa. Iko kwenye Kanuni ya Kumi."

"Kinarekebishwaje?"

Naibu Mkurugenzi, ambaye hapendi swali limpite, akafungua kitabu akasoma kwa sauti: "Kielelezo kisicholingana na Kiwango kitawekwa kwenye Mlo wa Kiwango mpaka kilingane. Kwa kuwa ni mali ya umma, kitahifadhiwa stoo, na hakitatolewa nje ya jengo kabla ya kulingana."

"Ahsante. Sasa Kielelezo chenyewe ni nani?"

Ukutani, juu kidogo ya kichwa cha Mkurugenzi, imetundikwa picha yake akiwa amefungua koti, na chini yake maandishi ya dhahabu: KIELELEZO CHA TAIFA. Wote tuliitazama. Mstaafu alisimama ili aione vizuri.

Mke wangu alimwomba Mkurugenzi radhi, akampima, na hakuhitaji kumzunguka, ana mikono mirefu. "Mia moja thelathini na nne," akasema. "Zimezidi mia moja kamili."

"Nadhani," Mkurugenzi akasema, "huenda Kiwango kina kasoro ndogo ya..."

"Kiwango hakikosei, mzee," Naibu alimkumbusha, kwa upole wa mtu aliyekwisha kukipima kile kiti kwa macho.

Mkurugenzi akanigeukia. "Katibu, andika kwamba suala limeahirishwa."

"Nimeshaandika, mzee."

"Umeandika nini?"

"Yaliyosemwa."

Katika miaka kumi na mmoja ya utumishi sikuwahi kufanya hivyo, na nilishangaa jinsi kulivyo rahisi. Mama wa kantini aliingia kukusanya vyombo. Aliuliza kuna nini, mstaafu akamweleza, akasikiliza mpaka mwisho. Mjukuu wake ni mmoja wa wale wanne walioketi ghafla. Akaiondoa sahani ya wali mbele ya Mkurugenzi, akatoka, akarudi na kisosi. Maharage yalikuwa saba. Aliyahesabu mara mbili mbele ya mashahidi, kwa sababu kanuni ni kanuni. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Tulimhifadhi stoo, rafu ya chini, kati ya midoli iliyokwama. Kwa mujibu wa kanuni alipewa namba. Siku ya kwanza aliomba mchuzi. Siku ya pili alituma barua tatu kwa Naibu, na Naibu akazihakiki. Siku ya tatu nilipofungua mlango nilimkuta amempakata Mama Tumbo, kidevu kimeegemea lile tumbo la pazia, akiniuliza kama kuna kalamu. Alisaini waraka pale pale, juu ya goti. Niliuandika mimi, na ulibandikwa kila shule, kila zahanati, na kwenye mlango wa choo cha ghorofa ya pili: Idara inautangazia umma kwamba kiuno cha taifa kimepotea, na hakitafutwi.

Mkurugenzi ameandikiwa likizo ndefu. Naibu amekaimu, na ameshaunda kamati ya kuchunguza miguu ya midoli. Mimi nimerudisha kiti chenye magurudumu. Pia nimerudisha tepu, haikupokelewa kwa kuwa si kamili, nikaikata vipande vipande kwa mkasi wa mke wangu.

Mama Tumbo nilimtoa stoo bila kibali, ndani ya koti. Bibi alimketisha mezani, akakagua mishono yote, kisha akachukua kijiko. Kimoja cha mdoli. Akasita juu ya kile cha pili. Mke wangu na mimi tulijifanya tunazungumza.

"Baba, yule mzee alikula maharage saba kweli?"

"Kweli, mama."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Alilia?"

"Alilia. Siku ya kwanza, kabla ya saa kumi."

Bibi akafikiri.

"Mimi sikulia," akasema, na akamsogezea mama yake sahani aongezewe.